Maoni ya Guelor

Falonne alipoingia kuwa mke katika nyumba ya mtaa wa Makomeno, Lubumbashi, mumewe Vital alimpa onyo moja tu. "Mengine yote utazoea," alimwambia. "Lakini Papa akiwa mu telefone na Guelor, usitwange sombe."

Alidhani ni mzaha. Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, akajionea. Baba mkwe wake, Papa Jérémie, alivuta kiti mpaka mlangoni, akavaa miwani ambayo mtu haihitaji kwa kuongea, akabonyeza namba, kisha akapaza sauti kana kwamba anataka kuifikisha mpakani Kasumbalesa bila msaada wa simu.

"Allô! Guelor! Kamio ya sukari iko wapi?"

Simu ilikuwa na sauti kubwa, na majibu yalisikika hadi jikoni.

"Bado haiyapita, Papa. Iko mu foleni."

"Foleni ya huku ao ya Zambia?"

"Ya Zambia. Mbele yake kuko kamio ingine iliharibika. Dereva yake iko nalia."

"Analia?"

"Kama mutoto, Papa."

"Umupatie maji. Na mvua?"

"Mvua iko. Tope mpaka ku magoti."

Basi wakaenda hivyo, kutoka lori hadi mvua, kutoka mvua hadi bei ya unga, kutoka bei hadi fulani aliyefiwa. Mwishoni Papa Jérémie akakunja uso na kuuliza kwa ukali wa mtu anayekagua mzigo:

"Na Kunda, dereva yetu, alikula?"

"Alikula, Papa."

"Na wewe?"

"Na mimi."

"Bon." Akakata.

Falonne alisimama na mchi mkononi, mboga yake ya majani ya muhogo ikimngoja kinuni, akacheka peke yake.

Papa Jérémie alikuwa mtu wa Butembo, mji wa mbali mashariki mwa Kongo, aliyeshuka Lubumbashi angali kijana na kuanza na meza ya sabuni sokoni. Sasa alikuwa na depo ya kuuza kwa jumla: sukari, mafuta ya kupikia, sabuni, biskuti, vyote vikitoka Zambia kwa malori. Guelor alikuwa mtu wake wa mpakani. Ndiye aliyefuatilia karatasi za duane, yaani forodha, akawajua madereva na majina ya wake zao, akajua ni afisa yupi amenuna na yupi amelala vizuri. Alimjia Papa Jérémie akiwa yatima anayetafuta kazi ya kupakua mizigo, na hakuondoka tena. Wala hakuna aliyewahi kusikia mzee akimwambia neno tamu.

"Hata batoto yake mwenyewe habakuisikia," Mama Olive, mama mkwe, alimweleza Falonne siku moja wakichambua mboga ya lengalenga. "Huyu baba anapenda kwa maulizo. Siku hatakuuliza kintu, njo uogope."

Falonne aliyaweka maneno hayo moyoni, maana yeye baba mkwe wake hakuwa amemuuliza kitu hata kimoja. Walikuwa wakisalimiana tu kwa heshima. Falonne alikuwa mtoto wa watu wa hapa hapa Katanga, na kwao mke wa mtoto hakai kiti kimoja na baba mkwe, hampi mkono ovyo, hapiti mbele yake akiwa anakula. Papa Jérémie naye alimwita "bibi ya Vital", na mambo yakaishia hapo.

Shida ilianza depo. Mtunza ghala wa pale, Mama Josée, alikuwa akizipata habari za mpakani kutoka kwa Papa Jérémie, baada ya mzee kumaliza mazungumzo yake na Guelor. Lakini katikati ya mvua, tope na dereva anayelia, mzee alisahau. Alisema sukari imepita, kumbe ni sabuni. Mwenye duka mmoja wa Lukafu akaja na gari la kukodi kuchukua sukari, akarudi kwao na hasira na sabuni. Mama Josée akaapa mbele ya wapakuzi wote kwamba safari nyingine atamkabidhi mteja huyo kwa Papa Jérémie mwenyewe.

Ndipo Vital akamkumbusha baba yake kwamba ndani ya nyumba yao kuna mtu aliyesomea kazi hiyo. Falonne alikuwa akifanya kazi nyumbani kwenye kompyuta yake, akizirekebishia kampuni za mjini programu zao za biashara. Hata programu ya mzee, ambayo Vital aliinunua na hakuna aliyeitumia ipasavyo isipokuwa Guelor, ilikuwa rahisi kwake. Kila lori lilikuwa na fishi yake, kadi ya taarifa, humo: namba, bidhaa, jina la dereva, hali, na mwishoni nafasi ya maoni. Guelor alizijaza kwa simu yake akiwa palepale mpakani. Kilichokosekana ni njia ya kuzifikisha habari hizo depo bila kupitia kinywani mwa mzee.

Wakamkalisha Papa Jérémie sebuleni wamweleze. Falonne alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, akaongea akiangalia mkeka.

"Papa, tutaambia programu ichunge zile fishi. Fishi ikibadilika, yeye mwenyewe anatoa faili na kuituma ku depo. Muntu hatabonyeza kintu. Tunaita ile exportation ya automatique."

Mzee alimgeukia mwanawe. "Exportation? Vital, si tuko naleta bintu kutoka Zambia? Ile ni importation."

"Ni ya habari, Papa. Habari njo inatoka."

"Inatoka inaenda wapi?"

"Ku Mama Josée. Na ku telefone yako."

Papa Jérémie akafikiri. "Na Josée hatanipigia tena kelele?"

"Hatapiga, Papa."

"Basi fanyeni."

Falonne akafanya, na siku ya kwanza akaona aibu ambayo hataisahau. Alikuwa ameiambia programu itume faili kila fishi inapobadilika, badiliko lolote. Tena, ili kumbukumbu iwepo, akaagiza kwamba kila faili ikishatumwa, programu iandike kwenye fishi ileile: imetumwa. Hakufikiri kwamba kuandika huko nako ni kubadilika. Guelor alipoingiza lori la mafuta, faili ikatoka, programu ikaandika imetumwa, fishi ikawa imebadilika, faili nyingine ikatoka, ikaandika tena, ikatoka tena. Depo, printa ya Mama Josée ikaanza kutema karatasi.

"Falonne!" sauti ya Mama Josée ilifika kabla simu haijakaa vizuri sikioni. "Machine yako iko na wazimu! Inaniambia mafuta imepita, inaniambia mafuta imepita, nimesikia! Kartasi yote ya mwezi imeisha!"

"Toa nyuzi ya umeme ku muro, Mama Josée!"

"Nimetoa! Sasa inalia ndani ya kompyuta!"

Falonne aliizima yote. Alipoinua macho alimwona Papa Jérémie amesimama mlangoni. Alingoja kukaripiwa. Mzee alitazama kompyuta, akamtazama yeye, akasema, "Ni kama muntu anajijibu mwenyewe," akaenda zake. Falonne hakujua kama amesamehewa au amehukumiwa, lakini alikuwa amelielewa kosa lake kuliko ambavyo kitabu chochote kingemweleza.

Akaanza upya, safari hii kwa utulivu. Aliiambia programu isijali mabadiliko iliyoyafanya yenyewe. Isijali mtu akisahihisha herufi kwenye jina. Iangalie sehemu ya hali peke yake: hali ikitoka "foleni" na kuwa "imepita", hapo tu itoe faili. Na ndani ya faili isiweke kila kitu, maana Mama Josée alitaka karatasi fupi. Akachagua namba, bidhaa, dereva na hali. Alipofika kwenye maoni aliiacha nafasi hiyo nje. Depo haina haja ya hadithi, alijisemea.

Ikafanya kazi. Ikafanya kazi vizuri mno. Guelor akibadilisha neno moja kule mpakani, depo walijua kabla dereva hajatia gia. Sukari ilikuwa sukari, sabuni ikawa sabuni. Mwenye duka wa Lukafu alirudi na kuomba radhi kwa matusi aliyoyatupa. Mama Josée alimletea Falonne kitenge, akamwambia, "Mungu akupatie mapacha." Papa Jérémie mwenyewe alisema mezani, mbele ya watu wote, kwamba bibi ya Vital ana akili.

Baada ya chakula cha mchana nyumba ikawa kimya, na Falonne akatwanga sombe yake wakati wowote alioutaka.

Mwanzoni alifurahi. Kisha akaanza kuona kwamba Papa Jérémie bado anavuta kiti chake mpaka mlangoni, bado anavaa miwani. Simu ilikaa gotini. Ujumbe ukiingia, aliusoma, namba, bidhaa, dereva, imepita, akairudisha simu gotini. Akakaa vile kama abiria ambaye basi lake limeshapita.

Siku moja hakuvumilia akapiga. Falonne alikuwa jikoni. Akauweka mchi chini bila kuambiwa na mtu.

"Allô, Guelor. Kamio ya biskuti…"

"Imepita, Papa. Hauyaona mu telefone?"

"Nimeona."

Mzee alikohoa.

"Basi. Ni muzuri."

"Ndiyo, Papa."

"Bon."

Alikata, akabaki ameitazama simu. Mama Olive, aliyekuwa akipanga sahani, alimnong'oneza Falonne: "Umemunyanganya maulizo yake." Hakusema kwa ubaya, alicheka kidogo. Lakini Falonne alilala na neno hilo.

Halafu maisha yakaendelea, kama yanavyoendelea. Mvua zikazidi, malori yakaja, Vital akaenda Kolwezi kupeleka mzigo. Asubuhi moja Mama Josée alipiga simu akiomba kitu kidogo: faili iwe na namba ya simu ya dereva, ampigie moja kwa moja lori likichelewa njiani. Falonne akafungua fishi za karibuni aone namba hizo zimeandikwa wapi. Hakuwa amezifungua tangu kazi ilipokamilika. Kwa nini azifungue, wakati kila kitu kilijiendesha? Akashuka na ukurasa, na chini kabisa, kwenye nafasi ya maoni, akakuta maneno.

"Imepita. Kunda alisimamisha kamio sababu ya mbuzi. Mbuzi ilikataa kutoka mu barabara. Bantu ya duane bote balitoka kuangalia, mukubwa wao akaivuta ku masikio. Papa, ungecheka."

Falonne akacheka. Akafungua nyingine.

"Imepita. Mvua ilianza asubui. Papa, na kwenu inanyesha?"

Na nyingine. "Iko foleni. Ule dereva alikuwa nalia, bibi yake alizaa mutoto mwanaume. Anakusalimia juu ya ile maji."

Na nyingine: "Iko foleni. Leo hakuna kintu, Papa. Ni salamu tu."

Hapo kicheko kikamkauka. Guelor alikuwa anaongea. Simu zilipokoma, alihamia kwenye nafasi pekee aliyoachiwa, akidhani kwamba mashine iliyochukua mahali pa sauti ya mzee inapeleka kila kitu. Kila lori alikuwa akilitia neno. Na Falonne ndiye aliyeiambia programu iyaache.

Akaharakisha hadi za mwisho.

"Imepita. Mwili inauma kidogo. Itapita tu, kama kamio."

"Imepita. Papa, kichwa iko naniuma sana leo. Nitakunywa dawa."

Kisha moja ya asubuhi ileile, kwa mwandiko wa mtu asiyejua herufi kubwa wala nukta: "imepita ni mimi chama mama wa nyumba anapanga guelor hawezi kusimama alinionyesha namna ya kubonyeza kama kuko muntu anasoma hapa akuje"

Falonne hakukumbuka kuvaa viatu. Alitoka mpaka uani, ambako Papa Jérémie alikuwa akimwonyesha fundi mahali bomba linapovuja, akapita mbele yake moja kwa moja, akasimama.

"Papa, Guelor iko mugonjwa."

"Nani amesema? Asubui mafuta imepita."

"Si yeye njo aliandika, Papa. Ni mwenye nyumba yake. Hawezi kusimama."

Mzee alipiga simu palepale. Namba ya Guelor haikupatikana. Akapiga tena. Akamwachia fundi bomba lake, akaingia ndani kutafuta ufunguo wa gari, akapita mara mbili juu ya ufunguo bila kuuona. Mama Olive ndiye aliyeuokota, akampa, na kumpa Falonne blanketi na chupa ya maji. "Enda naye," alimwambia. "Macho yake leo haioni barabara."

Falonne akafungua mlango wa nyuma wa gari, kama ilivyo heshima.

"Kwa nini nyuma?" mzee akauliza. "Pita hapa mbele. Nani atanisomea?"

Akapita mbele. Hakuwa amewahi kukaa karibu naye hivyo. Gari likaacha mji, likashika njia ya mpakani, na malori yakaanza kupishana nao, mengine ya shaba yakienda, mengine ya unga yakija. Papa Jérémie akashika usukani kwa mikono miwili. Kisha: "Soma."

Akamsomea tangu mwanzo. Mzee alijibu kila moja kana kwamba Guelor amekaa kiti cha nyuma. Kwa habari ya mvua alisema, "Hata kwetu ilinyesha, ilitoboa bati ya depo." Kwa habari ya mtoto aliyezaliwa alisema, "Mungu asifiwe, balimuita nani?" Ya mbuzi aliomba isomwe mara ya pili, akacheka mpaka gari likayumba, kisha akajipangusa uso kwa kiganja, na Falonne akageuka kutazama dirishani ili asimwone.

"Hii maneno yote," mzee aliuliza baadaye, "ilikuwa inaenda wapi?"

Falonne alishika blanketi kwa nguvu. "Ilikuwa inabakia ndani ya fishi, Papa. Ni mimi niliambia programu isiitume. Nilifikiri depo haina nayo kazi. Unisamehe."

Papa Jérémie alilipita lori moja, akalipita la pili.

"Na mimi nilikuwa na telefone mu mukono," alisema. "Kila siku. Soma ile ya salamu."

Kasumbalesa foleni ilikuwa imeanza mbali kabla ya mji. Walipita kando ya malori yaliyolala, madereva wakipika chini ya matela, wabadilisha pesa wakiwa chini ya miavuli yao. Kila waliyemuuliza alimjua Guelor, na wa tatu aliwapeleka mpaka mlangoni.

Chama alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono ya unga. Alikuwa akikaanga mikate ya kuuza. Alipowaona alikwenda moja kwa moja kwa mzee. "Ni weye njo Papa? Basi kumbe kuko muntu anasoma."

Chumba kilikuwa safi. Guelor alilala kitandani, midomo imekauka, na msichana mmoja alikuwa akimloweshea kitambaa kwenye beseni. Guelor alipomwona Papa Jérémie alijaribu kuinuka.

"Papa! Kamio ya mafuta…"

"Ninakuuliza kamio?" Mzee aliinama, akaweka kiganja kwenye paji lake la uso, akakiacha pale. "Uko na moto kama sufuria. Ilianza lini? Ulikunywa dawa gani? Ya nani? Nani alikuandikia? Unakula? Ulikula nini?"

Falonne, aliyesimama mlangoni, alisikia maulizo yale yakimiminika moja juu ya jingine, akakumbuka lengalenga na sauti ya Mama Olive.

"Kwa nini hukupiga simu?" mzee akamalizia.

Guelor alifumba macho. "Niliona masimu imeisha, Papa. Nikasema labda kelele yangu ilikuwa nakuchokesha, njo maana balileta machine. Nikakuwa naandika. Hukukuwa unajibu, lakini nikasema Papa hapendi kuandika, anasoma tu."

"Sikukuwa nasoma," mzee alisema taratibu. "Leo njo nimesomewa. Yote, njia nzima. Balimuita nani ule mutoto wa dereva?"

Guelor akafumbua macho. Akatabasamu kwa midomo ile iliyopasuka. "Balimuita Moïse, ule Musa wa mu Biblia, Papa. Juu ya ile maji yako."

Malaria ilikuwa imemshika vibaya. Walimpeleka kwenye kituo cha afya cha karibu, akatundikiwa maji, na mwuguzi akasema wamefika kabla mambo hayajaharibika. Papa Jérémie hakutaka kuondoka. Alikaa kwenye benchi mpaka homa ilipoanza kushuka, akimuuliza Chama habari za kila siku aliyomuuguza, akimshukuru na kuuliza tena. Guelor aliporuhusiwa, walimlaza kiti cha nyuma na blanketi la Mama Olive, wakamrudisha Makomeno. Msichana wa beseni alisimama kando ya gari mpaka likawaka. Jina lake Kiki, mdogo wake Chama. Alimpa Falonne kikombe cha bati akasema, "Anakunywa na hiki tu, kingine anakataa," kisha akaona haya na kukimbilia ndani.

Guelor akawekwa kwenye chumba alichokulia Vital. Mama Olive alimpikia uji, akampikia kuku, akampikia bukari, ule ugali laini, na samaki, na kumzuia kusema asante. Falonne naye akaifungua tena programu. Ya depo hakuigusa, isipokuwa kuongeza namba ya dereva aliyoiomba Mama Josée. Pembeni yake akatengeneza agizo la pili: sehemu ya maoni ikibadilika, maneno yaende kwa Papa Jérémie peke yake. Alikuwa amemuuliza kwanza kama anataka yaende na depo pia.

"Hapana," mzee alisema. "Bale ba depo batasoma ya mbuzi na kuacha kupakua. Ikuje kwangu." Akawaza. "Na mimi nikitaka kujibu? Vidole yangu haiwezi ile herufi ndogo."

"Papa, wewe utapiga simu."

"Hata kama kamio imepita?"

"Hasa kama imepita, mutoto yako hatakuwa na kazi, atakuwa na nafasi ya kuongea."

Papa Jérémie alimgeukia. "Mama," alimwambia, kwa jina lile ambalo baba wa huku humpa binti anayemwonea fahari, "na wewe umekula leo?"

Falonne hakuwa amekula. Alisema hivyo, na akaagizwa akae mezani, palepale, mbele ya baba mkwe wake, ale. Kama mama yake mzazi angemwona angeshika kichwa. Alikula.

Siku Guelor alipoweza kutembea mpaka barazani bila kushika ukuta, aliwakuta wote wamekaa, na Vital amesharudi kutoka Kolwezi. Alikaa nao, akazungusha kile kikombe cha bati mikononi. Ilionekana wazi ana neno.

"Papa, kuko jambo sikuweza kuandika mu fishi."

"Sema."

"Ni jambo ya muntu anayekuwa na baba. Mimi sina. Sasa sijue inasemwa kwa nani."

Papa Jérémie aliinua uso. Mama Olive, ambaye alikuwa ameshaelewa kabla ya neno la kwanza, aliweka mkono mdomoni.

"Ni ule wa beseni?" mzee akauliza.

"Ni Kiki, Papa."

"Baba yake iko?"

"Iko. Ni mukali."

"Mukali namna gani? Anapenda nini? Anasali wapi? Anajua kama unamupenda binti yake? Binti mwenyewe anajua?"

"Anajua, Papa," Guelor alisema, na hata ule weusi wa ugonjwa usoni haukuficha furaha yake.

Mzee alivua miwani akaifuta kwa shati. Vital alikuwa akicheka chini kwa chini. "Sawa," Papa Jérémie alisema. "Baba yako atakwenda. Lakini sisi ni bantu ya Butembo. Kule kwetu tungejua pa kuanzia. Hapa tukifika na kuongea vibaya, ule mukali atatufukuza." Akamgeukia Falonne. "Mama, wewe njo wa hapa. Kwenu banafanyaka namna gani?"

Falonne akasogeza kigoda chake karibu na kiti cha mzee.

"Kwanza, Papa, wewe hauendi."

"Namna gani siendi?"

"Baba haendi siku ya kwanza. Tunatuma shibukombe, muntu wa kupeleka neno. Akuwe na heshima, na ajue kunyamaza."

"Kunyamaza," Papa Jérémie alirudia, na kuwatazama mmoja mmoja wote waliokuwa barazani, akitafuta ndani ya nyumba yake mtu wa namna hiyo.

"Mama Josée hapana," Vital akasema haraka, na Guelor akacheka mpaka akakohoa, na Mama Olive akainuka kumletea maji.